Mama Mifupa na Safari Aliyojitakia

Kila mgonjwa aliyelazwa juu ya kitanda kigumu cha chumba cha eksirei, awe mtoto aliyedondoka ukutani au mzee aliyeteleza bafuni, alisikia maneno yale yale kutoka kwa mama mfupi mnene aliyevaa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kukinga mionzi.

"Tulia, mwanangu, picha haiumi. Mimi mwenyewe nimechoka kupiga picha za mifupa. Siku nikistaafu naingia porini na kamera yangu, nikapige picha za viumbe wenye ngozi juu. Tembo, simba, twiga. Hebu fikiria, mimi na simba! Nitamwambia, haya, bwana simba, vua shati upande kitandani."

Mgonjwa alicheka, hata aliyekuwa akilia. Akicheka mwili ulilegea, na mwili ukilegea Mama Mifupa alikimbilia nyuma ya kioo na kubonyeza kitufe. Picha ikatoka safi. Ndivyo alivyofanya kazi tangu ujana wake hadi mvi zikamjaa kichwani, na jina hilo la Mama Mifupa lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mganga mkuu hakulikumbuka lile aliloajiriwa nalo.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mama Mifupa hakuwa na nia ya kwenda porini hata chembe. Wanyama wa mwituni aliwaogopa kuliko kifo chenyewe, na hofu yake haikutokana na hadithi za kusimuliwa. Hospitali yao ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote za upande ule, na kila aliyekutana na mnyama akabaki na uhai kidogo aliletwa pale. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatazama kwa ndani. Aliona paja lililopita kinywani mwa kiboko, vipande vipande kama njiti za kibiriti. Aliona mkono wa mama mmoja uliovutwa na mamba. Watu wengine waliona makovu, wakasikitika, wakaenda zao. Yeye alibaki gizani na ile picha nyeupe mbele yake, akiipima kwa macho, akijua mfupa ule ulivunjika wapi kwanza na wapi baadaye. Kwa hiyo safari ya porini ilikuwa maneno tu ya kumtuliza mtu, kama mama anavyomwahidi mwanawe mwezi ili anyamaze.

Lakini maneno yana miguu. Yaliposemwa mwaka baada ya mwaka yalitoka kwenye kile chumba, yakazunguka wodini, yakafika nyumbani kwake, yakaingia masikioni mwa watoto wake, na huko yakakaa yakingoja.

Siku za kustaafu zilipokaribia, wenzake walimwandalia chai kwenye ukumbi wa kusubiria. Viti vilisogezwa, keki ikaletwa, wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nao wakapata vipande. Ndipo binti yake kitindamimba, mwalimu wa hesabu, alipotokea na boksi kubwa kifuani, nyuma yake kaka zake wakitabasamu kama wezi waliofanikiwa.

"Mama," binti alisema, sauti ikitetemeka kwa furaha, "ile ndoto yako. Tumeitimiza."

Ndani ya boksi mlikuwa na kamera nyeusi, na lenzi ndefu kama thermosi ya chai. Chini yake kulikuwa na karatasi ya safari. Ilikuwa safari ya wapiga picha, mbugani, gari na dereva, hema na chakula, kila kitu kimeshapangwa.

"Nafasi ni mbili," binti aliendelea. "Baba amekataa, anasema mgongo wake hauwezi barabara za vumbi. Kwa hiyo utakwenda na shangazi."

Shangazi mwenyewe, wifi yake Mama Mifupa, mjane mwenye duka la kuoka mikate na mikono kama ya mpiga ngumi, aliinuka kitini akaanza kucheza hapo hapo bila muziki. "Wifi! Mimi na wewe! Simba watatukoma!"

Watu wakapiga makofi. Mama Mifupa alisimama na ile kamera mkono mmoja, mwingine umeshika ukuta, mumewe akimtazama kutoka kitini, machozi yakamtoka. Wote wakasema, jamani, tazama furaha ilivyomzidi. Mganga mkuu akampa leso. Naye akaipokea, akajifuta, akatabasamu, akajisemea moyoni: mdomo wangu umeniponza.

Kamera ile aliiweka juu ya kabati la vyombo na kuifunika kwa kitambaa. Mumewe, fundi cherehani, ambaye siku nzima alishinda dirishani akishona sare za shule, aliitazama jioni ya kwanza akaendelea kushona. Jioni ya pili akauliza, bila kuinua macho kwenye mshono wake:

"Mbona umeifunika, mke wangu?"

"Vumbi."

"Vumbi, au inakukodolea macho?"

Kesho yake Mama Mifupa, kwa kuona haya, aliichukua akatoka nayo uani kufanya mazoezi kama kitabu cha maelekezo kilivyoshauri. Juu ya ukuta wa jirani alilala paka wa rangi ya majivu, mzee, mvivu, hana hili wala lile. Mama Mifupa akasimama mbali, akafumba jicho moja, akazungusha lenzi. Mara paka akawa mbele ya uso wake kabisa, macho ya manjano, masharubu, ulimi mwekundu ukilamba ukucha. Alipiga kelele akarudi nyuma, akakanyaga beseni la nguo, na kama kamera isingekuwa na mkanda shingoni ingeishia kwenye maji ya sabuni.

Paka hakujishughulisha hata kuamka. Lakini Mama Mifupa alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, moyo ukimwenda mbio, akaielewa ile lenzi. Kazi yake ni moja tu, kuleta cha mbali karibu. Naye alichotaka maishani ni vya mbali vibaki huko huko mbali.

Tangu siku hiyo hofu ikahamia kwake kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote. Ilianza magotini akiwa anapanga foleni ya wagonjwa. Ikapanda tumboni wakati wa chakula, tonge likagoma kupita. Akiona kivuli cha koti lililotundikwa mlangoni aliona mabega ya mnyama. Akisikia mgurumo wa jenereta ya hospitali alishika ukuta. Binti yake akipiga simu kumuuliza, "Mama, unahesabu siku?" alijibu, "Nahesabu, mwanangu," na hakuwa amesema uongo.

Akatafuta mlango wa kutokea. Alifikiria mafua, lakini mafua yanapona. Alifikiria kuteguka mguu, lakini nani angemdanganya kuhusu mguu Mama Mifupa wa eksirei? Mwisho akakumbuka presha. Watu wa umri wake wote walikuwa nayo, kwa nini yeye akose? Asubuhi moja akanywa kahawa nzito isiyo na sukari, vikombe kadhaa, akapanda ngazi za hospitali kwa kukimbia hadi chumba cha daktari wa moyo, akaingia akihema, akanyoosha mkono.

"Nipime, dada. Najisikia vibaya. Nadhani sifai kusafiri."

Daktari akamkalisha, akasubiri apumue, akampima. Akampima tena. Kisha akavua kifaa masikioni akacheka.

"Mama Mifupa, hii presha ni ya msichana! Ningekuwa nayo mimi ningeolewa upya. Nenda kapige picha simba wako, mama. Na uniletee picha moja niitundike hapa ukutani."

Alishuka zile ngazi polepole, akishika kila nguzo, amekata tamaa kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa mbaya.

Haikupita wiki, wakamletea askari wa wanyamapori.

Aliingizwa kwa kitanda cha magurudumu, jitu la mtu, suruali ya kijani imechanwa kwa mkasi hadi kiunoni, uso umepauka kama unga. Mkewe aliachwa nje ukumbini. Muuguzi alisaidia kumhamisha, akatoka. Mama Mifupa akavaa aproni yake, akainama juu yake, na mdomo ukaanza wenyewe kwa mazoea.

"Tulia, mwanangu, picha haiumi. Mimi siku nikistaafu naingia porini na..."

Askari alifumbua macho.

"Porini wapi, mama?"

"Hapana kitu. Lala hivyo hivyo. Nani kakufanya hivi?"

"Nyati."

"Ulimfanya nini?"

"Hilo ndilo linaloniuma kuliko mbavu. Sikumfanya kitu. Niliinama kufunga kamba ya buti." Alimeza mate. "Mnyama mzito vile, mama, hakukanyaga hata kijiti. Kazi hii nimeifanya tangu sijaoa. Nikajua nina masikio. Sikusikia lolote mpaka nilipokuwa juu, hewani, naona vichaka viko chini yangu."

Mama Mifupa akahisi jasho jembamba likimtiririka chini ya ile aproni. Alipiga picha zake, mikono ikifanya kazi bila yeye, na zilipotokea kwenye kioo cha kompyuta alizitazama kwa muda. Mbavu kadhaa zilikuwa zimepasuka. Paja lilikuwa limekatika katikati, mkato safi, mfupa haukusagika. Alikuwa ameona mabaya kuliko hayo mara nyingi. Akarudi kitandani na habari njema.

"Una bahati. Daktari ndiye atakayesema, lakini kwa macho yangu mimi huo mfupa utaunga vizuri. Umevunjika mahali pazuri."

Alitegemea aone uso ukichangamka. Askari aligeuzia macho ukutani, na machozi yakamshuka kwa pembeni hadi sikioni.

"Mama," alisema taratibu, "hiyo picha haiwezi ikaonekana mbaya kidogo?"

"Mbaya vipi?"

"Mbaya tu. Mke wangu anadhani nalilia maumivu. Mimi nalia kwa sababu nitapona. Nikipona watanirudisha kule kule. Na mimi kule siwezi tena. Nikifumba macho naruka hewani. Nitamwambiaje mtu? Mwanamume mzima, askari, naogopa nyasi."

Mama Mifupa alivuta kigoda akakaa. Alimtazama yule mtu mkubwa aliyelala pale akiomba ugonjwa, akaona mtu anayemfahamu vizuri sana.

"Sikiliza nikwambie," alisema, akashusha sauti kwa sababu mlango haukuwa umefungwa vizuri. "Mimi watoto wangu wamenilipia safari ya kwenda kupiga picha za wanyama. Huko huko kwenu. Juzi nimekunywa kahawa nikapanda ngazi mbio ili presha ipande wanizuie."

"Ikapanda?"

"Imekataa."

Askari alijaribu kujizuia akashindwa. Kicheko kilimtoka, akashika mbavu, akagumia. "Usinichekeshe, mama, nakufa! Wallahi nakufa!" Naye Mama Mifupa akacheka, ndani ya kile chumba cha giza chenye alama ya hatari mlangoni, waoga wawili, mmoja amelala, mmoja amebeba risasi kifuani, wakacheka hadi muuguzi akachungulia.

Muuguzi alipoondoka, Mama Mifupa akajifuta macho. "Picha siwezi kuibadilisha. Ila kikosini kwenu kuna kazi za redio, za geti, za ghala. Mwambie mkeo kwanza. Ukishamwambia yeye, wengine watakuwa rahisi."

"Na wewe umemwambia nani?"

"Wewe."

"Ningependa nikwambie usiogope, mama," askari alisema. "Lakini kwa mimi nilivyolala hapa, nikikwambia hivyo utaniona mwehu."

Jioni ile Mama Mifupa alimwambia mumewe. Alisimama kando ya cherehani, akasema yote kwa pumzi moja, paka, kahawa, askari, wagonjwa wa miaka yote na ule uongo wake wa kuwatuliza. Mumewe aliacha kukanyaga pedali.

"Nilijua tangu ile siku ya chai," alisema. "Mtu akilia kwa furaha hashiki ukuta."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Sasa, unataka kwenda au hutaki?"

"Sitaki."

"Basi usiende. Nani atakufunga kamba? Watoto watanuna, kisha wataacha. Mwambie dada yangu tu, usimwache ajiandae bure." Akarudi kwenye sare zake. Kisha, bila kugeuka, akaongeza, "Ila umwambie wewe. Mimi kwa yule simo."

Asubuhi akaenda kwenye duka la mikate, akapita nyuma kwenye tanuri, ambako wifi yake alikuwa akikanda donge la unga kama mtu anayelipiza kisasi. Juu ya gunia kulikuwa na kofia mpya ya ukingo mpana, na nje ya dirisha wateja walikuwa wakimsubiri, wote wameshajua habari za safari.

"Wifi, nimekuja tuzungumze," Mama Mifupa alianza. "Hii safari. Naona kama..."

"Unaogopa."

"Sikusema hivyo."

"Huna haja ya kusema. Uso wako umelala kama mkate usiotiwa hamira. Wifi, mimi nimemfukuza mwizi hapa kwa mti huu wa kusukumia mikate, na alikuwa na panga. Simba ni nini? Simba akija nitamwambia kaa chini, subiri zamu yako."

"Kwa mwoga huenda kicheko, wifi, kwa shujaa huenda kilio."

"Basi kacheke kwako, niache mimi nikalie na simba!" Akalipiga lile donge, unga ukaruka. Halafu mikono yake ikatulia ghafla juu ya meza, na aliposema tena sauti ilikuwa nyingine. "Wifi yangu, tangu marehemu aondoke sijatoka kwenye joto la tanuri hili. Naamka naoka, nauza, nalala. Mwanao aliponiambia, nilifunga mlango nikalia. Nimewaambia wateja wote. Usininyime hii."

Mama Mifupa aliikung'uta unga ile kofia mpya, akairudisha juu ya gunia. Maji alikuwa ameshayavulia nguo. Alirudi nyumbani na mkate wa moto kwapani, na mumewe alipouliza kwa nyusi tu, alijibu, "Usiniulize."

Kabla ya kuondoka alipita wodini kumwona askari. Alimkuta ameketi, mguu umening'inizwa, mkewe anammenyea chungwa.

"Nilimwambia," askari alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Akasemaje?"

Mke alijibu mwenyewe. "Nilimwambia mimi nimekuwa nikiogopa miaka yote hii peke yangu, kila anapofunga hizo buti. Karibu, nikamwambia. Sasa tuko wawili." Akampa mumewe kipande cha chungwa. "Mkubwa wake amekuja jana. Watampa redio."

Mama Mifupa aliwafurahia kwa moyo wote, na njiani kurudi aliwaonea wivu.

Siku ikafika. Dereva aliyewachukua alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, gari refu lenye paa linalofunguka, mito kwenye madirisha ya kuegemeza lenzi. Njia nzima wifi aliimba. Aliimba wakipita viwanda, akaimba wakipita mashamba, akala mayai ya kuchemsha, akamfundisha dereva namna ya kumtambua mwanamke mwoka mikate kwa vidole vyake. Mama Mifupa alikaa kando, kamera mapajani, mikono baridi kama samaki. Kadiri miti ilivyozidi na nyumba zilivyopungua, ndivyo pumzi yake ilivyofupika.

Getini kulikuwa na fuvu la nyati juu ya nguzo, pembe zimepinda, matundu ya macho yakitazama barabara. Wifi alishuka akajipanga chini yake, kofia kichwani, mkono kiunoni. "Nipige hapa, wifi! Iwe ya kwanza!" Mama Mifupa alimpiga. Picha ilitoka imetikisika kiasi kwamba fuvu lilikuwa na pembe nne.

"Sheria ni moja," dereva alisema kabla ya kuwasha gari. "Hakuna kushuka, hakuna kufungua mlango. Lolote litakalotokea, mtulie. Tukiwa humu ndani, kwa wanyama sisi ni kitu kimoja kikubwa chenye magurudumu. Mtu akitoka tu, anakuwa mtu."

Wakaona swala. Wakaona pundamilia, na twiga mmoja aliyetafuna huku akiwatazama kama mwalimu mkuu. Walikuwa mbali, na Mama Mifupa akaanza kudhani labda mambo yataisha hivyo. Kisha wakakata kona ya vichaka, dereva akakanyaga breki, akazima gari.

Tembo walikuwa wakivuka njia. Walikuwa wengi, majike na watoto, hawana haraka, na hawakutoa sauti yoyote ila ile ya majani yakikatwa. Alilosema yule askari lilikuwa kweli. Viumbe vikubwa kama nyumba vilipita kama vivuli. Halafu jike moja likasimama. Likageuza kichwa, likatandaza masikio, likaacha wenzake likaja moja kwa moja upande wa gari, hatua kwa hatua, hadi dirisha lote likajaa ngozi ya kijivu yenye mikunjo, na harufu ya mavi na majani mabichi ikaingia ndani, na pumzi yake ikasikika, ndefu, yenye joto, kama mvuke wa tanuri likifunguliwa.

"Tulieni," dereva alinong'ona.

Damu ilimganda Mama Mifupa. Aliona mfupa wa paja lake, aliona mbavu zake, aliona picha yake mwenyewe nyeupe kwenye kioo na mtu mwingine akiipima. Na ndipo aliposikia nyuma yake sauti ndogo, kama ya mtoto anayeota ndoto mbaya.

Alikuwa wifi. Kofia imeanguka, macho yamemtoka, mdomo wazi, na mkono wake mmoja, ule mkono wa kukandia unga, ulikuwa ukipapasa mlango wa upande wa pili, ukitafuta kitasa.

"Natoka," wifi alisema. "Natoka. Natoka mimi."

Mama Mifupa hakukumbuka baadaye jinsi alivyovuka kiti. Alijikuta amemkumbatia, amemfunga mikono kifuani, uzito wake wote juu yake, mdomo kwenye sikio lake. Wifi alifurukuta kwa nguvu za ajabu. "Nipo," Mama Mifupa alimwambia. "Nimekushika. Usinitazame, usimtazame. Unasikia magoti yamekuwa maji? Ndiyo inavyoanza. Sasa itapanda tumboni. Umeona? Imepanda. Itakaa hapo. Utadhani unakufa, na hufi. Mimi ninayo tangu siku ile ya keki, na nimekula, nimefua, nimekwenda kazini nayo. Pumua na mimi. Polepole. Hivyo."

Wifi alipumua. Meno yalimgonga. Nje, mkonga ulipanda juu ya boneti, ukapapasa kioo cha mbele, ukaacha alama ya unyevu. Ulikaa hapo muda ambao hakuna aliyeweza kusema ulikuwa mrefu au mfupi. Kisha tembo akavuma kidogo puani, akageuka, na kile kilima cha kijivu kikaondoka dirishani na mwanga ukarudi.

Mtoto wa mwisho alikuwa bado anavuka, akikimbilia mama zake, masikio yakimpigapiga. Mkono mmoja wa Mama Mifupa ulikuwa bado umemshika wifi. Kwa mwingine aliinua kamera iliyoning'inia shingoni na kubonyeza. Hakulenga. Baadaye waliitazama ile picha, nayo ilikuwa imekaa upande, nusu yake dari ya gari, na pembeni kabisa miguu ya nyuma ya mtoto wa tembo na mkia wake hewani.

Wifi alilia njia nzima hadi kambini, kwanza kwa woga, kisha kwa aibu. Mbele ya hema lao alimshika Mama Mifupa mkono.

"Usimwambie kaka yangu."

"Nitamwambia nini, na mimi nilikuwa natetemeka?"

"Wewe? Wewe ulitulia kama jiwe!"

"Sikutulia, wifi. Nimeizoea hofu tu. Wewe imekukuta mara moja, haijapiga hata hodi."

Wifi alimtazama, kamasi puani, nywele timtim. "Na mwizi wangu mwenye panga?" akauliza kwa huzuni.

"Mwizi ulimfukuza, hakuna atakayekunyang'anya hilo. Jipenge kamasi."

Alfajiri ya kesho yake wifi alikataa katakata kutoka kambini. Alikuwa ameshagundua jiko, na mpishi aliyeoka mikate migumu kama tofali, na sasa alikuwa amesimama nyuma yake amejifunga khanga kiunoni, akimuuliza ni nani aliyemdanganya kwamba unga unakandwa hivyo. Sauti yake ilikuwa imerudi yote.

Mama Mifupa alisimama peke yake kando ya gari na kikombe cha chai. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya nyasi, na ndani yake kitu kilikuwa kikikohoa, mbali, kikohozi kizito cha kifuani. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga mlango wa gari.

"Huyo ni simba?" aliuliza.

"Ndiye," dereva alisema. "Yuko upande wa mto. Leo uko peke yako, mama? Tunaweza kungoja jua lichomoze, kama unaogopa."

"Jua likichomoza nitaacha kuogopa?"

"Sidhani, mama."

Alimwaga chai iliyobaki, akapanda kiti cha mbele karibu na dereva, akavuta mlango. Akausukuma kwa bega kuona kama umefunga. Akausukuma tena. Kisha akaondoa kifuniko cha lenzi na kukitia mfukoni.

"Twende basi, mwanangu," alisema. "Twende kabla sijaghairi."